Gole la Kanyoni

Cicily alikuwa ameketi mlangoni akishona pindo la gauni lake la Jumapili aliposikia Kanyoni akianguka kutoka juu ya kabati. Hakuruka kuja chini kama ilivyo kawaida yake. Alianguka tu, kama kiazi kilichoachiliwa kidondoke sakafuni. Cicily alichomeka sindano kwenye kitambaa ili isipotee, akainuka akishika kiuno, akaenda kutazama.

Njiwa alikuwa amelalia ubavu kati ya kabati na mtungi wa maji. Bawa moja lilikuwa limetandazwa, na miguu yake myekundu ilikuwa ikikanyaga hewa. Alipojaribu kusimama shingo ilimwenda kombo, kichwa kikapinduka kama anayetafuta kitu darini. Kisha akatetemeka mwili mzima, akaanguka tena. Mate membamba yalikuwa yakimtoka mdomoni.

"Kanyoni," Cicily alimwita. "We Kanyoni. Umekuwaje?"

Nusu saa tu iliyopita alikuwa amemwekea ngano yake kwenye kifuniko cha sufuria, naye akala kwa pupa akitembea juu ya nafaka kama kawaida, mpaka gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, likajaa na kutokeza kifuani. Alikuwa mzima. Alikuwa hata amemdonoa Cicily kidole cha mguu kwa kumchelewesha.

Ni vyema kusema njiwa huyu alivyofika pale, maana wengi hapa Ruiri wanafuga kuku, na wachache wanafuga njiwa wa kuingia ndani ya nyumba na kulala juu ya kabati la vyombo. Mwaka juzi mafundi walipokuwa wakibadilisha mabati ya kinu cha kusagia mahindi, kiota kilianguka na makinda mawili. Moja lilikufa papo hapo. La pili fundi aliliweka ndani ya kofia yake, akaligawia kivuli mpaka saa ya chakula cha mchana, kisha akauliza akina mama waliokuwa kwenye foleni ya unga kama kuna anayelitaka. Cicily hakulisahau jambo hilo, kwamba fundi yule alifanya kazi asubuhi nzima kichwa wazi kwenye jua kwa ajili ya kinda lisilo na hata unyoya. Alilichukua. Alililisha uji wa wimbi kwa ncha ya kitambaa, siku ishirini na kitu, na lilipoota manyoya akaliita Kanyoni, ambalo kwa Kimeru ni kandege tu. Hakuona haja ya jina jingine. Watoto wake wako Nairobi na Isiolo, mume wake alishazikwa, na ndani ya nyumba ile aliyekuwa akijibu akiitwa ni huyo.

Cicily alimfunika kwa shuka, akamweka ndani ya kikapu, akatoka hadi kwenye ua wa michongoma unaotenganisha boma lake na la Angeline.

"Mama Gatwiri," aliita. "Njoo unitazamie ndege."

Angeline alikuwa bandani akiokota mayai. Ana kuku wa mayai mia tatu, na mayai yake yanakwenda kwenye shule hadi Kiirua. Tena yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisa lao. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kutangulia kuimba, na mwenye haraka. Lakini alipofika mlangoni kwa Cicily na kuiona shingo ya njiwa ilivyopinda, haraka yote ilimtoka. Alisimama nje ya kizingiti, asiingie.

"Ameanza lini?"

"Sasa hivi. Asubuhi alikuwa akinidonoa."

"Mama Kaimenyi, hicho ni kideri."

"Usiseme hivyo."

"Nasema nilichokiona. Shingo hiyo naijua. Mwaka ule niliwazika mia mbili na kumi, wote wakiwa na shingo hiyo." Alirudi nyuma hatua moja, akainua viatu vyake vya mpira akavitazama nyayo, kana kwamba ugonjwa ungeonekana kwa macho. "Usimguse tena. Na usikaribie ua wangu. Nisamehe kusema hivyo, lakini usikaribie. Nampigia Kathuri."

Kathuri ndiye daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa pale sokoni. Cicily alimsikia Angeline akizungumza naye kwa simu huku akienda zake kwa hatua ndefu, kisha akasikia milango ya banda ikifungwa na dawa ikimwagwa kwenye karai la kukanyagia. Hakumlaumu. Alikumbuka shimo lile la kuku mia mbili na kumi, maana yeye mwenyewe alisaidia kulichimba.

Alirudi ndani, akaketi karibu na kikapu. Kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, aliokota kifuniko cha sufuria kilichokuwa na punje zilizobaki, akataka kuzirudisha kwenye kopo. Alifungua kopo la ngano. Harufu ikampanda puani kabla hajainama vizuri.

Alijua ni harufu gani. Angeijua hata akiwa amelala.

Aliketi kwenye kigoda na kopo mapajani.

Cicily alikuwa akivuta ugoro. Alianza zamani, akiwa mke mgeni, wakati wa kupukuchua mahindi na mama mkwe wake. Mama yule alikuwa na kidude cha pembe chenye kizibo cha ngozi, na kila walipomaliza gunia alikuwa akimtilia kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba na kumwambia, haya, pumua. Hayo yalikuwa mapenzi ya mama mkwe, na si wake wengi waliyapata. Mama mkwe alikufa, ugoro ukabaki. Cicily aliuacha mara mbili, akaurudia mara mbili. Alikuwa akiununua sokoni kwa mzee Njura, umefungwa kwenye karatasi ya daftari, na alikuwa akiuvuta nyuma ya jiko, asubuhi na alasiri, akitemea kwenye majivu.

Sasa, kanisani kwao mama anayetaka kuvishwa kitambaa cha chama husoma mafundisho miaka miwili. Kitambaa chenyewe ni cha kichwani, cheupe chenye ukingo wa zambarau, na anayekivaa ndiye anayetumwa kwa wagonjwa na wafiwa, ndiye anayeandaa meza ya Bwana, na siku akifa wenzake humfuata kaburini wakiwa wamevaa vya kwao. Cicily alikuwa amekitamani tangu alipoona mama yake mzazi akizikwa bila hicho kitambaa, na watu sita tu nyuma ya jeneza. Alisoma miaka yote miwili bila kukosa hata Alhamisi ya mvua. Jumapili iliyokuwa ikija ndiyo siku ya kuvishwa, yeye na wenzake wanne. Na kiapo chao kinasema, mbele ya watu wote, kwamba mama huyu ameacha pombe, tumbaku na masengenyo.

Jana yake, Jumanne alasiri, Angeline alikuwa amekuja ili amsikilize akikariri kiapo hicho. Alibisha hodi Cicily akiwa ndiyo kwanza amefungua karatasi ya ugoro. Jambo la kwanza lililokuwa karibu lilikuwa kopo la ngano ya Kanyoni, akaisukuma humo, akaweka kifuniko, akapangusa pua kwa pindo la leso, akasema karibu. Kisha alikariri kiapo chote bila kukosea hata neno, na Angeline akamsifu. Jioni aliitoa karatasi. Aliona imefunguka kona moja na unga kidogo umemwagika. Alipuliza juu ya ngano mara mbili, akaona yatosha.

Haikutosha. Sasa aliingiza mkono ndani ya kopo, na punje zilitoka zimepakwa vumbi la hudhurungi kila moja, kama mbegu za dukani zilizopakwa dawa. Alikuwa amemlisha Kanyoni kiganja kizima.

Angeweza kunyamaza. Hilo lilimjia kwanza, na si vizuri kulificha. Njiwa ni njiwa. Watu wangesema pole, kideri kimemchukua, na Jumapili angepiga magoti na wenzake. Alimtazama Kanyoni kikapuni. Jicho lake la rangi ya chungwa lilikuwa wazi likimtazama, na kila mara mwili ulipotetemeka, kope ile nyembamba ya ndani ilikuwa ikipita juu ya jicho na kurudi. Cicily alikifunga kifuniko cha kopo kwa nguvu, akalisukuma chini ya kitanda.

Kathuri alifika kabla ya saa nne, akaacha pikipiki nje ya lango kwa sababu Angeline alimwamuru hivyo. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mtaratibu, na ana tabia moja ambayo Cicily aliipenda tangu alipokuja kumtibu mbuzi wake: huwa anamsalimu mnyama kabla ya kumshika.

"Habari yako, Shosho," alisema kama mjukuu kwa bibi yake.

"Ni ya huyu."

"Nawe ndege, pole." Alichuchumaa, akavaa glavu, akafunua shuka. Akainua bawa, akafungua mdomo, akatazama kinyesi kilichokuwa kwenye kitambaa. Akamwacha asimame, Kanyoni akayumba, shingo ikapinduka, akaanguka. Angeline alikuwa amesimama uani, hatua kumi kutoka mlangoni, mikono kifuani.

"Ni chenyewe?" aliuliza Angeline.

"Dalili ni hizo. Njiwa wanakipata sana na wanakisambaza. Anatoka nje, huyu?"

"Anatembea mpaka kwenye banda langu. Anakula na kuku wangu kupitia waya."

Kathuri alipumua. "Wako wamechanjwa lini?"

"Chanjo inayofuata ni wiki ijayo. Wewe ndiye uliyeniandikia."

"Basi tumechelewa kidogo." Alimgeukia Cicily, na sauti ikashuka. "Shosho, amekula nini leo? Kitu chochote kisicho cha kawaida? Dawa ya panya, mbegu za kupanda, majani yaliyopuliziwa?"

"Ngano," Cicily alisema. "Ngano yake tu."

"Peke yake?"

"Ngano tu."

Ndivyo alivyosema, mara mbili.

Kathuri aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na sababu ya kumshuku mama wa umri ule. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake, kwamba kideri hakina tiba. Kwamba ndege akifika kwenye kupinda shingo amekwisha. Kwamba kila saa anayokaa hai anapumua ugonjwa kuelekea kwenye kuku mia tatu. Jambo la haki ni kumpumzisha, kumchoma moto na kumwagia chokaa. Kisha yeye angewachanja kuku wote wa Angeline leo hii, ingawa chanjo ikimkuta kuku tayari ameambukizwa, mara nyingine humuua haraka zaidi.

"Kwa ruhusa yako, Shosho," alisema. "Ni jambo la sekunde moja. Hataumia."

Angeline alisogea hatua mbili karibu. "Nitakuletea njiwa wengine wawili, Mama Kaimenyi. Weupe. Najua si yule, lakini nitakuletea."

Alikuwa akimaanisha. Cicily aliona kwamba mwanamke huyu, aliyekuwa akiogopa kupoteza kila alichonacho, alikuwa pia akimwonea huruma. Hilo ndilo lililomshinda. Kama Angeline angekasirika, yeye angeweza kunyamaza. Kathuri alikuwa tayari ameweka vidole viwili nyuma ya kichwa cha Kanyoni.

"Mwache," Cicily alisema. "Hana kideri. Amekula ugoro."

Kathuri aliinua macho. "Amekula nini?"

"Ugoro. Tumbaku ya kunusa. Ilimwagika kwenye ngano yake."

"Ya nani?"

Cicily alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake mwenyewe. Aliangalia sakafu, kisha akaangalia mlangoni.

"Yangu."

Kathuri akasema, "Lete hilo kopo," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya kazi. Cicily alipiga magoti akalivuta kutoka chini ya kitanda. Kathuri alinusa, akatia punje chache kwenye kiganja, akazisugua, akatazama vumbi kwenye glavu.

"Kiasi gani?"

"Kiganja."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa mbili na nusu. Alianguka baada ya kama nusu saa."

"Basi nyingine bado iko kwenye gole. Hii ina magadi?"

"Ina magadi. Mzee anaweka mengi."

"Ndiyo maana imemwenda haraka hivyo. Nataka maji ya vuguvugu, yaliyochemshwa. Na makaa ya jikoni, yale meusi, si majivu. Yatwange yawe unga laini kabisa. Na mtu wa kumshika."

Cicily alienda jikoni. Alipokuwa akitwanga makaa kwenye kinu kidogo cha vitunguu, mikono ikiwa myeusi, aliwaza kwamba sasa Angeline atakuwa amekwenda zake. Aliporudi, Angeline alikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa amevua viatu vya mpira akaviacha nje, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji kwa sketi yake safi, amemshika Kanyoni kifuani, mabawa yote mawili yamefungwa chini ya viganja vyake vipana, kama anavyomshika kuku wa kuchanjwa. Hakumtazama Cicily.

"Inua kichwa kidogo, mama," Kathuri alimwambia. "Hivyo hivyo. Shingo iwe wima, asije akavutia maji kwenye mapafu."

Alipitisha mpira mwembamba pembeni mwa ulimi, polepole, ukashuka mpaka kwenye gole. Alisukuma maji kwa bomba la sindano mpaka gole likavimba, akalipapasa kwa vidole, kisha akamwinamisha njiwa kichwa chini juu ya karai. Maji yalitoka na ngano na rangi ya chai ya rangi. Harufu ilijaa nyumba nzima. Alifanya tena. Na tena. Mara ya nne Kanyoni alilegea kabisa, na Angeline akasema, "Amekufa huyu," lakini Kathuri aliweka sikio kwenye mgongo wa ndege akasema, "Bado. Mpe nafasi apumue." Wakasubiri. Cicily alihesabu punje ndani ya karai ili asihesabu pumzi. Mara ya sita maji yalitoka meupe.

Kisha Kathuri alichanganya unga wa makaa na maji, akamtilia kwenye gole, akapangusa mdomo wa ndege kwa kidole chake.

"Makaa yatashika sumu iliyobaki. Iliyokwisha kuingia kwenye damu, hiyo ni yake na Mungu. Akivuka saa nane mchana, ana nafasi. Mweke mahali penye joto na giza. Kesho uji mwembamba kwa bomba hili, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Usimpe nafaka mpaka nikuambie." Alivua glavu. "Na kuku wako, mama, hawana shida. Chanjo ni wiki ijayo kama tulivyopanga."

Angeline alifumba macho, akayafumbua.

Kathuri alipokuwa akifunga mkoba wake, alisema bila kumtazama Cicily, "Shosho, wengi hawasemi. Mwaka jana nilimuua mbwa mzima hapa chini kwa sababu mwenyewe aliona haya kuniambia alichomlisha." Kisha akaenda kwenye pikipiki yake.

Wakabaki wawili na kikapu. Angeline alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa."

"Asi! Mimi nimekaa nawe ua kwa ua miaka kumi na tisa."

"Nilikuwa naenda nyuma ya jiko."

"Nilidhani unaenda kuomba. Nilikuwa nikiwaambia wengine, mwone Mama Kaimenyi, mara mbili kwa siku hakosi. Jana nilikusomea kiapo hapa hapa. Ukakijibu chote."

"Nilikijibu."

"Na ugoro ukiwa kwenye kopo."

"Ukiwa kwenye kopo."

Angeline alitikisa kichwa, na ilikuwa vigumu kujua kama anakaribia kucheka au kulia. Pengine hata yeye hakujua. "Mimi ni mwenyekiti," alisema. "Sasa najua. Siwezi kutojua. Unataka nifanye nini?"

Cicily alikuwa ameshafikiri hayo wakati wa kutwanga makaa. "Kesho ni Alhamisi. Waambie sijawa tayari. Wakiuliza kwa nini, waambie. Mimi nitakuwa nimeketi hapo hapo, sitakimbia."

"Ungeweza kuuacha leo, Jumapili ukaapa, ikawa kweli."

"Leo ni Jumatano. Miaka arobaini haiishi siku nne, Angeline. Nitaapa nini?"

Angeline alienda kwake, na baadaye kidogo Cicily alimwona akirudi na taa ile nyekundu ya kuwapasha joto vifaranga, waya umezungushwa mkononi. Aliichomeka kwenye umeme, akaining'iniza juu ya kikapu, akapima joto kwa nyuma ya kiganja, akaondoka.

Saa nane ilifika ikapita. Kanyoni alikuwa hai.

Alhamisi, kwenye mkutano, Angeline alisimama akasema kwamba dada yao Cicily hatavishwa kitambaa Jumapili hii kwa sababu bado anatumia ugoro, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba lisemwe. Alisema hivyo kama anayesoma matangazo ya harusi, akafunga daftari. Minong'ono ilianza upande wa dirishani. Kutoka benchi la pili mama mmoja mzee akauliza, kabla hajajizuia, "Ni ule wa Njura?" Kisha akafunga mdomo, akawa na shughuli nyingi ndani ya mkoba wake. Wengine wakacheka. Mmoja akasema ndiyo maana Mama Kaimenyi huwa anapiga chafya wakati wa mahubiri. Cicily mwenyewe alicheka kidogo, maana lilikuwa kweli.

"Nakumbusha," Angeline alisema, "kiapo kina mambo matatu. La tatu ni masengenyo. Nikianza kuhesabu la tatu, Jumapili kitambaa kitakosa mtu wa kukivaa, nikiwemo mimi." Wakanyamaza, wakaimba, wakaenda nyumbani.

Ijumaa ilikuwa ngumu. Pua ilimwasha, kichwa kiligonga, na mikono haikujua pa kwenda. Ugoro uliokuwa umebaki alikuwa ameutupa chooni Jumatano ile ile, lakini alasiri alipata chembe chache kwenye fundo la leso yake ya zamani, akazivuta nyuma ya jiko akiwa amesimama. Kisha alinawa mikono mara mbili kabla ya kumshika Kanyoni. Aliona ni afadhali hakuwa na kiapo cha kuvunja. Jumamosi hakupata chembe, wala hakwenda sokoni.

Njiwa alikuwa akipona kwa taratibu zake. Alhamisi alikuwa anaweza kushika kichwa. Ijumaa alisimama akiegemea ukingo wa kikapu. Uji aliumeza kwa bomba la sindano, mililita chache kila mara, na Cicily alikuwa akijisikia kama amerudi mwaka ule wa kinda na kitambaa, ila sasa magoti yake yalikuwa na maneno zaidi.

Jumapili alikwenda kanisani, akaketi kiti cha pembeni karibu na mlango, kwa sababu ya saa za uji. Wenzake wanne walipiga magoti mbele. Kila mmoja alipofungwa kitambaa, akina mama walipiga vigelegele, naye Cicily alipiga vya kwake vyote, havikumpungua. Mahali pa tano palikuwa tupu. Hakuna aliyesogea ili kupaziba, na aliona hilo, kwamba wale wanne walikuwa wamepiga magoti wakiacha nafasi ya mtu kati yao. Hakujua aliyewaambia. Huenda hakuna aliyewaambia. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta, kisha akatazama saa, ikawa ni wakati wa uji, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho na kabla ya chai.

Alikuwa ndiyo kwanza ameketi na Kanyoni mapajani wakati Angeline alipoingia, safari hii bila hodi. Alikuwa amevaa kitambaa chake, chupa ya chai kwapani, na vipande viwili vya keki ya sherehe vimefungwa kwenye karatasi.

"Uliondoka kabla ya kula. Amekula?"

"Ndiyo nataka kumpa."

"Anasimama?"

"Anasimama. Anaenda upande upande kidogo, kama mtu aliyetoka harusini."

Angeline alivuta kigoda. Alimtazama njiwa, kisha akafungua kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kabati mahali pasipo na uchafu. Akanyoosha mikono.

"Lete hilo bomba nimlishe mimi. Wewe kunywa chai ingali moto."

Cicily alimpa ndege, akampa bomba, akamwonyesha pembe ya kuingilia, upande wa kushoto wa ulimi. Angeline alisukuma uji polepole. Kanyoni alimeza, akatikisa kichwa, akamrushia tone la uji kwenye kola ya blauzi yake ya Jumapili.

"Huyu hana adabu," Angeline alisema, akaendelea kumlisha.

Cicily alimimina chai, akakata keki kwa vidole, akala.